Magunia 60 Yaliyobaki Stoo: Bei Unayoyapa Ndiyo Inayoamua Kodi Yako

Kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia, tunapokea swali moja kwa maneno tofauti tofauti, na mara nyingi linatoka Busia au Malaba. Linakuja hivi: "Taarifa ya Till yangu inaonyesha pesa zilizotoka ni nyingi kuliko zilizoingia. Mbona mhasibu ananiambia nina faida, na eti nilipe kodi?"

Tulikuwa tunalijibu kwa sentensi mbili tu: muulize mhasibu wako. Jibu hilo halimsaidii mtu, kwa sababu mhasibu ndiye aliyemchanganya. Kwa hivyo leo tumeamua kukaa chini na kalamu na karatasi. Ukiwa na simu yenye kikokotoo, ifungue. Somo hili lina hesabu, lakini ni hesabu ya gunia, si ya chuo kikuu.

Tumchukue mama mmoja wa mfano anayeuza maharagwe hapa Busia, upande wa Kenya. Anayanunua ng'ambo Uganda, anayaweka kwa stoo, kisha anawauzia wenye maduka ya Bumala, Adungosi na hata Kisumu. Wateja wanamlipa kwa Till, naye anawalipa wauzaji wake kwa simu. Bei tulizoweka hapa ni za mfano tu, tumezifanya nzima nzima ili hesabu isikuchoshe.

Mwezi wa pili alinunua magunia 100 kwa 8,000 kila moja. Mwezi wa sita akaongeza magunia 100, lakini bei ilikuwa imepanda hadi 9,500. Mwezi wa kumi na moja akanunua mengine 100 kwa 11,000. Jumla ni magunia 300, na pesa zilizotoka ni 2,850,000. Katika mwaka huo aliuza magunia 240 kwa wastani wa 11,500, akaingiza 2,760,000. Kodi ya stoo, wabebaji wa kupakia mzigo wa wateja na gharama nyingine ndogo ndogo zilimla 120,000. Tarehe 31 Desemba magunia 60 yalikuwa bado yamelala stoo.

Sasa mama anaangalia simu. Alianza mwaka na mtaji wa 900,000 na amemaliza na 690,000. Kwa macho yake amepoteza 210,000. Na simu haidanganyi, si ndio?

Simu haidanganyi, lakini inajua pesa tu. Haijui kuna magunia 60 stoo. Pesa ya mama haikupotea, imegeuka maharagwe. Ndiyo maana sheria ya kodi ya mapato haikuruhusu kutoa gharama ya kila kitu ulichonunua mwaka huo. Unatoa gharama ya kile ulichouza. Kilichobaki kinasubiri mwaka kitakapouzwa.

Hapo ndipo swali gumu linapoingia. Yale magunia 60 yaliyobaki ni ya bei gani? Ni ya 8,000, ya 9,500 au ya 11,000? Yote yanafanana. Mengine yalishamwagwa pamoja kwa turubai yakachanganywa na kupakiwa upya. Hakuna anayeweza kuangalia haragwe aseme hili lilivuka mpaka mwezi wa pili.

Kwa sababu hakuna anayeweza kujua, wahasibu walikubaliana njia za kuchukulia. Na njia unayochukua ndiyo inayobadilisha faida yako, hata kama hujauza gunia moja zaidi.

Njia ya kwanza: kilichotangulia kuingia kimetangulia kutoka

Wahasibu huiita FIFO. Unachukulia kwamba magunia ya zamani ndiyo yaliyouzwa kwanza. Basi yaliyobaki ni ya mwisho kununuliwa, yale ya 11,000. Magunia 60 mara 11,000 ni 660,000. Toa hiyo kwa manunuzi yote ya 2,850,000, unabaki na gharama ya mauzo ya 2,190,000. Mauzo yalikuwa 2,760,000, kwa hivyo faida kabla ya gharama za stoo ni 570,000. Toa zile 120,000, inabaki 450,000.

Njia ya pili: wastani

Unachukua manunuzi yote, 2,850,000, unagawa kwa magunia 300. Kila gunia linakuwa limekugharimu 9,500. Yaliyobaki 60 ni 570,000. Gharama ya mauzo inapanda hadi 2,280,000, na faida inashuka hadi 480,000. Ukitoa 120,000 inabaki 360,000.

Simama hapo kidogo. Mama ni yule yule, na magunia ni yale yale. Hakuna aliyeongopa. Lakini faida inayotozwa kodi imetofautiana kwa 90,000 kwa sababu ya uamuzi wa kalamu.

Tuweke kodi. Kwa mtu binafsi Kenya, viwango vilivyoanza Julai 2023 vinatoza asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za mwaka, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, na asilimia 30 kwa zinazozidi hapo hadi ufike milioni 6. Halafu unaondolewa nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Kwa FIFO, kodi ya mama ni 28,800 jumlisha 25,000 jumlisha 18,600, ambayo ni 72,400. Toa nafuu, anabaki kulipa 43,600. Kwa wastani, ni 28,800 jumlisha 18,000, toa nafuu, analipa 18,000.

Tofauti ni 25,600. Kwa mtu wa stoo ya Marachi au Burumba hiyo si pesa ya kuchezea.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni. Mtu binafsi ambaye kodi yake ya mwaka inazidi 40,000 anatakiwa kulipa kwa awamu nne, mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili, kila mara tarehe 20. Chini ya hapo awamu hazimhusu. Kwa FIFO mama amevuka mstari huo kwa 3,600 tu. Kwa wastani hajaukaribia.

Je, unaweza kuchukua njia ya kinyume?

Kuna wateja wetu werefu wa hesabu wamewahi kutuuliza hivi: kama bei zinapanda, kwa nini nisiseme magunia ya mwisho kununuliwa ndiyo yaliyouzwa kwanza? Kwani stoo si inafanya kazi hivyo? Gunia la juu ndilo linatoka, lile la chini linakaa hadi dumuzi waligundue.

Njia hiyo ipo na inaitwa LIFO. Kwa mama wetu ingeacha magunia 60 ya 8,000, yaani 480,000, na faida ya stoo ingeshuka hadi 390,000. Marekani inairuhusu kwa kodi tangu miaka ya 1930, na kampuni nyingi kubwa za huko zimeitumia kwa sababu hiyo hiyo ya kupunguza kodi bei zinapopanda. Lakini kanuni za kimataifa za uhasibu ziliikataa, na tangu 2005 hairuhusiwi kwa wanaozifuata. Kenya inazifuata tangu 1999. Kwa hivyo hapa, iache. Na kumbuka kwamba namna ulivyopanga magunia stoo haiamui hesabu. Unaweza kutoa gunia la juu kila siku na bado ukatumia wastani.

Hiyo kodi imefutika au imeahirishwa?

Hapa tuwe wakweli, kwa sababu kuna watu wanauza "ujanja wa wastani" kama dawa. Tuseme Januari inayofuata mama anauza yale magunia 60 kwa 12,000, anapata 720,000. Kama alitumia FIFO, gharama yake ni 660,000, na faida ni 60,000. Kama alitumia wastani, gharama ni 570,000, na faida ni 150,000. Jumlisha miaka miwili kwa kila njia: 570,000 na 60,000 ni 630,000. Na 480,000 na 150,000 ni 630,000 pia.

Kwa hiyo faida haikufutika, ilisogea mwaka mmoja mbele. Faida yake kwa mama ni kwamba pesa ya kodi imekaa kwa biashara yake miezi kumi na miwili zaidi, na kwa mtu anayekopa kwa chama kila msimu hiyo ina maana. Lakini asiitumie kama pesa aliyozawadiwa.

Na usidhani utakuwa unabadilisha kila mwaka, FIFO bei zikishuka, wastani zikipanda. Njia ukishaichagua unakaa nayo, na ukibadilisha lazima uwe na sababu ya biashara unayoweza kuieleza. "Niliona kodi ni kubwa" si sababu.

Bei zikishuka, mambo yanageuka

Watu wa mpakani wanajua hili kuliko watu wa Nairobi, kwa sababu sisi tuna bei mbili: bei ya gunia na bei ya shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Shilingi yetu ilipata nguvu ghafla, na mtu anayenunua Uganda aliona bidhaa zimekuwa rahisi bila mkulima wa ng'ambo kupunguza hata senti.

Tuseme gunia ni shilingi 252,000 za Uganda. Ukibadilisha wakati shilingi moja ya Kenya inakupa 24 za Uganda, gunia limekugharimu 10,500. Wiki kadhaa baadaye wabadilishaji pesa pale mpakani wanakupa 28. Gunia lile lile sasa ni 9,000.

Ukinunua 50 za 10,500 na 50 za 9,000, kisha ukauza 60, yamebaki 40. Kwa FIFO yaliyobaki ni ya 9,000, yaani 360,000. Kwa wastani ni ya 9,750, yaani 390,000. Sasa FIFO ndiyo imekupa faida ndogo, kwa 30,000. Ndiyo maana hatumwambii mtu "wastani hupunguza kodi." Inategemea bei inaelekea wapi, na hakuna anayejua bei ya mwezi wa kumi na moja akiwa mwezi wa pili.

Mpaka huu umetufundisha hivyo mara nyingi. Machi 2021 mamlaka ya kilimo, AFA, ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Malori yakakwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwenye mahindi stoo wiki hiyo na aliyekuwa na mahindi ndani ya lori hawakuwa na mali ya thamani moja, hata kama walinunua siku moja, shamba moja.

Cha kufanya ni rahisi: siku unayonunua, andika kiwango ulichobadilishia. Usingoje Desemba ukumbuke. Kama umelipa kwa simu, tarehe iko kwa ujumbe, lakini kiwango cha mbadilishaji wa mkononi hakiko popote isipokuwa kwa daftari lako.

Mali ikishuka chini ya bei uliyonunulia

Kuna kanuni inayosema mali iliyobaki isiandikwe juu ya kile utakachopata ukiiuza. Kama gunia lilikugharimu 10,500 na leo linauzwa 9,800, na kulifikisha sokoni ni 300, basi liandike 9,500. Ile 1,000 ni hasara ya mwaka huu.

Wa mitumba hapa ndio walikuwa wanapoteza bila kujua. Robota moja la 20,000 lenye nguo 200 ni shilingi 100 kwa nguo. Ukiuza 140, mtu wa haraka ataandika zimebaki 60 za 100, yaani 6,000. Lakini wewe na sisi tunajua zipi ziliondoka kwanza. Ni kamera zote! Zilizobaki ni fagia za kutupwa chini kwa turubai, shilingi 30 moja, na ni 1,800 tu. Ukiandika 6,000 umejitoza kodi ya 4,200 ambazo hutaziona. Zidisha hiyo kwa marobota unayofungua kwa mwaka.

Lakini iwe na ushahidi. Piga picha ya lundo, andika idadi, andika bei unayouzia sasa. Kukata asilimia 10 ya stoo yote kwa kukisia, eti kitu lazima kimeharibika, hakutasimama ukiulizwa. Maharagwe yaliyooza au mahindi yaliyoliwa na dumuzi yapime kabla ya kuyatupa. Andika ni gorogoro ngapi, tarehe gani, na mtu mwingine aweke sahihi.

Gharama si bei ya gunia peke yake

Bei tulizotumia juu zilikuwa na kila kitu ndani. Gharama ya gunia ni yote uliyolipa hadi lifike stoo: bei yenyewe, lori au boda boda, kupakia na kushusha wakati wa kuliingiza, ushuru wa kaunti, ada ya wakala wa forodha. (Kwa wasiojua, neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wanawavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.) Hizo zote zinaingia kwa gunia, na zinakaa nalo hadi liuzwe. Kodi ya stoo, mshahara wa kijana wa duka na gharama za kumpelekea mteja mzigo haziingii kwa gunia, hizo zinatolewa mwaka ule ule.

Na mzigo ulio njiani? Malaba foleni inaweza kulala, na tunakumbuka Mei 2020 madereva walipokuwa wakingoja vipimo vya korona na malori yakajipanga kilomita nyingi. Lori likiwa kwa foleni usiku wa 31 Desemba, uliza swali moja: likianguka leo, hasara ni ya nani? Kama ni yako, hesabu hayo magunia pamoja na ya stoo, hata kama hujayaona. Kama ni ya muuzaji hadi akufikishie, usiyahesabu, na usihesabu bei yake kwa manunuzi pia. Kosa kubwa ni kuweka malipo kwa manunuzi kwa sababu ujumbe wa simu unaonyesha ulilipa, halafu kuacha magunia nje ya hesabu kwa sababu hayajafika.

Wale wa TOT, hii inawahusu kwa upande

Hadi hapa tumemchukulia mama kama anayelipa kodi ya mapato ya kawaida. Lakini biashara nyingi ndogo ziko kwa kodi ya mauzo, ile inayojulikana kama TOT. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo, kwa biashara inayouza zaidi ya milioni 1 lakini isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Inalipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Haina habari na gharama zako, haina habari na stoo. Ukiuza umetozwa, hata kama uliuza kwa hasara.

Mama wetu kwa TOT angelipa asilimia 3 ya 2,760,000, ambayo ni 82,800. Linganisha na 43,600 kwa FIFO au 18,000 kwa wastani. Sheria inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki TOT, na akaenda kwa kodi ya kawaida. Kwa wanaouza vitu vya faida nyembamba, mayai kwa trei, sukari, mafuta ya kupikia, asilimia 3 ya mauzo inaweza kula faida yote. Kwa wenye faida nene, kama anayepika na kuuza chakula, TOT inaweza kuwa nafuu, na inaokoa usumbufu.

Maoni yetu ni kwamba usitoke TOT kwa sababu umesoma makala moja ya simu. Toka kama una daftari. Kodi ya kawaida ni nafuu kwa mama huyu kwa sharti moja tu, kwamba anaweza kuthibitisha gharama zake. Asipoweza, hali inakuwa mbaya kuliko TOT, na tukuonyeshe ni mbaya kiasi gani.

Magunia ya njia za panya

Kuanzia 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi. Mizigo inayoingizwa nchini imewekwa kando na sharti hilo, kwa sababu ina karatasi za forodha. Lakini lazima ziwepo.

Tuseme kati ya yale magunia 100 ya mwezi wa pili, 60 yalipita njia za panya usiku kwa sababu ilionekana ni haraka. Hayana karatasi yoyote. Mama aliyalipia 8,000 kila moja, 480,000 zilitoka mfukoni kweli, na ujumbe wa simu upo. Ujumbe huo unaonyesha ulituma pesa kwa mtu. Hauonyeshi ulinunua nini. Gharama ya 480,000 ikikataliwa, mapato yake ya FIFO yanaruka kutoka 450,000 hadi 930,000. Kodi inakuwa 28,800 jumlisha 25,000 jumlisha 162,600, toa nafuu ya 28,800. Ni 187,600.

Kutoka 43,600 hadi 187,600. Mchezo wote wa FIFO na wastani tuliocheza juu ulikuwa wa 25,600. Huu ni wa 144,000, bila kutaja riba na faini, na bila kutaja mzigo wenyewe ungeweza kushikwa.

Na kupita njia ya halali si kugumu kama zamani. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, maafisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki, wenye cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale kwa bidhaa zilizokubaliwa. Kwa kiwango cha 130 hizo ni 260,000, kama magunia 30 ya mama wetu. Mzigo wake wa 100 umezidi hapo, atahitaji wakala na karatasi kamili. Ada ya wakala inaingia kwa gharama ya gunia, tulivyosema.

Basi uchague ipi?

Kwa nafaka na maharagwe, vitu vinavyochanganyika na kufanana, sisi tungechukua wastani. Ni rahisi, unahitaji namba mbili tu, jumla ya pesa na jumla ya magunia, na haikurushi juu chini bei zinapocheza. Kwa duka lenye vitu vya tarehe ya kuisha, unga wa pakiti, maziwa, soda, FIFO inafanana na unavyouza, kwa sababu tayari unatanguliza vya zamani mbele ya rafu. Tena ukienda kuomba mkopo, FIFO inaonyesha stoo yako kwa bei iliyo karibu na ya leo. Na kama unauza simu au pikipiki, vitu vyenye namba yake kila kimoja, usihangaike na zote mbili. Andika kila kimoja kilinunuliwa ngapi na kikitoka kitoe kwa bei hiyo hiyo.

Chochote utakachochagua, siku ya kuhesabu ni 31 Desemba kwa mtu binafsi, jioni ukishafunga. Hesabu kwa mikono na mtu wa pili aandike. Wikendi moja kabla, panga stoo ili magunia ya mteja aliyeyaacha kwako yakae kando, maana hayo si yako. Kisha omba taarifa yako ya Till ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, na utie alama kwa kalamu pesa ambazo si mauzo: mchango wa harusi, mzunguko wa chama, mkopo, pesa ulizojitumia mwenyewe. Zisipotiwa alama zinaweza kuhesabiwa kama mauzo.

Ripoti ya kodi ya mwaka inafungwa 30 Juni kwa iTax. Ukichelewa, mtu binafsi anatozwa faini ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Daftari la stoo, risiti, karatasi za forodha na zile picha za fagia vitunze miaka 5. Kama daftari linalowa mvua kwa stoo kila masika, piga picha kila ukurasa mwisho wa mwezi ujitumie mwenyewe.